Korongo wa Mbari

Kifuniko cha sufuria kilianza kucheza kabla ya jogoo kuwika: tiki, tiki, tiki. Nyanya Waruguru alikisikia akiwa kitandani, nusu ndotoni. Ndani ya ndoto ule mlio ulikuwa mabawa ya korongo yakipigapiga ukunguni. Alipofumbua macho akanusa githeri, mahindi na maharagwe yakichemka pamoja. Mwanawe Ndirangu alikuwa ameamka kabla yake na kuwasha jiko, bila kuombwa. Nyanya akaliweka jambo hilo moyoni, kwa kuwa wiki hiyo alikuwa anatafuta sababu za kumsamehe.

Yote yalitokana na filamu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma, walikuwa wametengeneza hadithi ya msichana aliyegeuzwa korongo, ambaye kila akitaka kusema, anaimba. Korongo huyo alikuwa Edinah, mjukuu wake wa Bokoli, mtoto wa bintiye Ciru. Ilipooneshwa kwao Kitale katika ukumbi wa kanisa, Nyanya aliketi mbele kabisa. Akamwona ndege akishuka kutoka Mlima Elgon, mawingu yakimfuata kama vifaranga, hadi mlangoni kwa mama yake. Hapo akaimba:

"Nifungulie, mama, mimi wa mbari."

Nyanya alilia ndani ya kitambaa chake. Kwao Wakikuyu, mbari ni watu wa ukoo mmoja, wale wasioulizwa mlangoni ni nani. Tangu Ciru aolewe Bungoma, kuna waliomwita mtoto wake wa kando. Sasa mtoto mwenyewe alikuwa amesimama kwenye ukuta mweupe, akisema yeye ni wa nyumbani.

Lakini Ndirangu huzungumzia filamu redioni kila Jumamosi. "Tamu kwa macho, chungu kwa masikio," alisema. "Mabawa ni ya gunia. Mwisho hauishi. Na huyo korongo wa Bungoma anaimba mbari badala ya mbali! Ndege mzima, ulimi nusu."

Simu zikamiminika. Mama mmoja wa Kipsongo alimuuliza, "Ndirangu, wewe umewahi kuota kweli, ama ukilala unazimika tu kama redio?" Mwingine akasema watoto wake wanauimba wimbo huo wakichota maji. Wachache walimuunga mkono. Mabishano yalichukua siku nyingi.

Edinah hakubishana. Alimwambia mama yake kwamba Jumapili, filamu itakapooneshwa Bungoma na yeye kutakiwa kuimba mbele ya watu, hataenda. Na Kitale hatakanyaga tena.

Nyanya hakuamini kwamba lilikuwa kosa. Alijua alichosikia. Ndiyo maana asubuhi hiyo alimwambia Ndirangu, "Nipeleke Bokoli. Ninataka kumuuliza mtoto."

Walimkuta Edinah barazani akipukuchua mahindi. Alimkumbatia nyanyake, kisha akatazama gari.

"Shosho, umekuja na huyo?"

"Amenileta. Hata githeri amepika yeye."

"Ameweka pilipili? Redioni aliniwekea nyingi."

Ndirangu alibaki kando ya gari, akifuta kioo kilichokuwa safi.

Nyanya alichukua gunzi, akapukuchua pamoja naye. Punje zilianguka polepole ndani ya beseni. "Mama, nani alikufundisha neno letu? Lile la mbari."

Edinah akatikisa kichwa. "Hakuna, Shosho. Ilikuwa niseme mbali. Ulimi uliteleza tu."

Nyanya aliinua macho, kama mtu anayeamshwa taratibu. Kisha akatabasamu. "Basi uliteleza ukaangukia nyumbani. Mimi nililisikia hivyo, nikalala vizuri siku hiyo. Usilirekebishe."

Ndirangu alikuwa amesogea. Alisimama, kioo kikiwa kimesahaulika. "Mbari," alisema, kama anayeonja. "Na mimi ni Mkikuyu. Nilikuwa ninasikiliza kosa tu. Nisamehe, Edinah." Akakohoa. "Rakini mabawa bado ni ya gunia."

"Ati rakini!" Edinah akaangua kicheko hadi mahindi yakamwagika. "Anko wa redio! Si hata wewe ulimi umeteleza, bana!"

Hata Ndirangu alicheka, akapiga magoti kuokota punje.

Walipokwisha kula, Edinah alitoka nje, akafunga mlango. Ukungu wa mvua ulikuwa umeteremka juu ya migomba, na sauti yake ilitokea humo kana kwamba haina mwenyewe: "Nifungulie, mama, mimi wa mbari." Safari hii herufi ile ilikaa pale kwa makusudi. Nyanya ndiye aliyeinuka kufungua.

"Jumapili nitaimba hivyo hivyo," Edinah alisema, akiwasindikiza hadi garini. Alimfungia nyanyake dirisha nusu, baridi isimwingie, kisha akainama.

"Shosho, mje tena, usikawie. Na dereva wako pia. Lakini redio aiache Kitale."