Mahindi Chumbani kwa Chifu

Kwa siku ya sita mfululizo Mwanaarusi alikuwa amechuchumaa tangu alfajiri, akinyunyizia maji sakafu ya chumba cha wageni cha chifu ili udongo ushikamane. Kazi ya lazima haikujali kwamba mtungi wa nyumbani kwake ulikuwa mtupu. Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja kijijini Hewani, na chifu alitaka kumkaribisha juu ya vigae, kama watu wa Mombasa. Baraza ilikwisha kutandikwa, nyekundu, inang'aa. Chumbani kulibaki kushindilia udongo, kumwaga zege, kisha vigae.

Udongo wenyewe ulitoka shambani kwake. Mto uliposhuka alipanda mahindi ukingoni kwenye tope bichi, mbegu zake za mwisho, zile alizoning'iniza juu ya meko moshi uzilinde na wadudu. Kesho yake chifu akatuma watu na majembe. Shamba lilikuwa karibu, udongo laini hauna mawe, na ukingo wa mto, alisema, ni mali ya serikali. Komora, mume wa Mwanaarusi, ndiye aliyebebeshwa udongo huo na kuushindilia kwa gogo. Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Komora na mkewe walimpisha chifu, na mzigo wake wakambebea.

Sasa, pembeni ambako gogo halikufika vizuri, mahindi yalikuwa yameota. Siku zote hizo alikuwa akimwagilia shamba lake ndani ya nyumba ya chifu.

Omar, fundi kutoka Kipini, alisema zege haliwezi kumwagwa juu ya miche. Mwanaarusi akamwomba chifu, aliyekuja kukagua kazi, aichukue na udongo wake kidogo, akaipande upya.

"Miche chukua," chifu alisema. "Udongo ubaki. Huo ni wa sakafu."

"Ni wa shamba langu, chifu."

Chifu akamgeukia Dukicha, askari wake. Alimwambia asimwache atoke na udongo.

Mwanaarusi aliing'oa miche na tope lake, akaifunga kwenye pindo la leso. Barazani Dukicha akamzuia, macho yake chini. "Mama, kung'uta tu. Na mimi nimetumwa."

Mwanaarusi akaifungua leso. Akaikung'uta pale pale juu ya vigae vyekundu, mche mmoja mmoja, mpaka mizizi ikabaki mitupu. Kisha akalikanyaga lile tope kwa nyayo zote mbili, toka mlangoni hadi ngazini.

"Udongo wenu huo," alisema.

Akashuka na miche yake kuelekea mtoni. Palipokuwa shamba lake palikuwa na shimo, limejaa maji.