Joto la Shimo la Ndizi

…vuguvugu tu, bado, kiganja cha Leonidasi kimelala juu ya udongo uliofunika shimo la ndizi za pombe na hakisikii zaidi ya hapo, na wa kulaumiwa ni nani kama si yeye, jana alifukua mapema ili majirani waone kwamba ndizi za Leo huiva kabla ya za Kasulu nzima, joto lote likatoka, sasa anapuliza moshi upya kama mwanagenzi, yeye bingwa, yeye aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wanamchelewesha, ndivyo anavyosimulia… na Ange, mdogo wake, amechuchumaa ng'ambo ya shimo anarudia masomo ya chuo kwa sauti, mashimo meusi ya angani, "yana joto, kaka Leo, yanavuja kidogo kidogo, na kadiri shimo linavyopungua ndivyo linavyozidi kuchemka, mpaka linakwisha," naye akamcheka, sufuria ukiiepua inapoa, hayo mashimo yenu yamesomea wapi… lakini ndani baba anakohoa, "we Leo, amazi," maji yako pale pale mkononi pake, mzee Manirambona amebaki mifupa na ukali, nyama zikipungua hasira inapanda, kumgeuza, kumwosha, kumlisha uji anaoutema, na Ange tangu asubuhi anauliza nirudi chuo au nibaki, akamjibu niachie mimi, dada, mimi peke yangu ni hospitali nzima, halafu mgongo ukalia alipoinuka… shangazi Immakulata wa Gwarama alitaka kuja kusaidia, akamwambia kaa kwako, hapa kuna mwanaume… "ila ukilizungushia kuta," Ange anasema, "joto linalotoka likawa linarudi, shimo kubwa linatulia, halikwishi, na kuna kiwango, joto lililokuwa linazurura tu likikivuka linageuka shimo kwa mkupuo, kama maji na mvuke," kuta, hapa kuta ziko wapi, mzee anavuja, na yeye je, nguvu zikipungua majigambo yanapanda, jana alivyowapigia majirani kelele, kumbe ni kashimo kadogo tu kanachemka, hakuna wa kukarudishia kitu, shangazi aliyetaka kukarudishia alimkatalia mwenyewe… "Kaka, hujanijibu," na moshi machoni, na udongo vuguvugu vilevile, na neno limefika kwenye ulimi, si niachie mimi, hilo limechoka kama yeye, ni jingine, nenda dada, basi lako si linapita Kakonko, karibu na Gwarama, mpigie shangazi mkutane stendi, mwambie aje, mwambie Leo ameshindwa.