Shahidi Kwenye Ngazi

Joram Nyangweso alimchukia Walter Okelo waziwazi, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu. Ungemtembelea chumbani kwake mtaani Obunga, angekusimulia kabla hujapata pa kukaa. Walter ndiye aliyemfunga. Walter ndiye aliyekula kiapo mbele ya wakubwa wa jeshi, akatoa uongo mtupu, kisha akarudi zake Kisumu na kupewa kiti, meza na feni katika ofisi ya serikali.

Kabla ya 1982, Joram alikuwa rubani wa ndege za kivita na Walter alikuwa fundi wake. Rubani akishakaa, fundi hupanda ngazi nyuma yake, akamfunga mikanda ya mabegani, akafunika kioo, akashuka. Asubuhi ile ya Agosti wanajeshi wenzao walipoasi, Joram alisukumwa hadi kwenye ndege, bunduki ikiwa kisogoni mwake, ili akatupe mabomu mjini. Walter alikuwa pale pale kwenye ngazi. Bunduki yenyewe ilimgusa kiwiko alipokuwa akifunga mikanda. Joram alipaa, akazunguka juu ya msitu, akarudi kutua bila kumdhuru hata sungura. Lakini uasi ulipozimwa na kila mtu akawa anatafuta wa kumtwika mzigo, Walter aliiambia mahakama kwamba rubani alipanda mwenyewe, mbio mbio, huku akichekelea. Walter akaachiliwa. Joram akala ugali wa gereza.

Alipotoka, hakuna aliyetaka kumwajiri mtu wa jeshi la anga la zamani. Akawa mwandishi wa tamthilia. Kazi hiyo aliianzia gerezani, kwa kichwa tu, akiwagawia wafungwa wenzake maneno ya kusema. Kisumu alipata watu wake. Kulikuwa na Dorca, mama aliyeuza samaki wa kukaanga, na ambaye akilia jukwaani hata walevi walivua kofia. Kulikuwa na Yahya, fundi cherehani, Mwislamu wa pale mjini, mwenye sauti nzito na subira kubwa. Watu walikuja kwa miguu kutoka Mamboleo kuwatazama.

Taabu ni kwamba siku zile hukuweza kuigiza chochote hadharani bila kibali. Na aliyezisoma tamthilia kabla ya kibali kutolewa ni nani? Walter huyo huyo, na kalamu yake nyekundu.

"Huyu kuku," Walter alimwambia siku moja, akigonga karatasi. "Hapa anaruka ua."

"Kuku huruka."

"Anaruka anaenda wapi?"

"Kwa jirani, Walter. Anaenda kula mtama."

"Jirani ni nani? Serikali?" Walter akachora mstari. "Kuku atembee kwa miguu. Na huyu mwewe, toa. Sitaki kitu ya kupaa kwa mchezo yako. Mimi nakujua wewe."

"Lazima unijue. Si ni wewe ulinifunga mikanda?"

Walter alifunika kalamu taratibu. "Bwana Nyangweso, sijui unaongea nini. Mwingine aingie!"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda. Joram hakutaka kulipwa fidia, wala hakutaka kurudishwa kazini. Alitaka kitu kimoja: Walter aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu wa kwao Asembo Bay, kwamba aliiona ile bunduki. Mama yake Joram alikufa akiitwa mama wa muuaji. Wanawake walikuwa wakimwachia benchi zima kanisani. Hilo lilimuuma Joram kuliko gereza lenyewe.

Mwaka 1989 baba yake Walter akafariki, na nyumbani kwao palikuwa hapo hapo Asembo Bay. Habari zilimkuta Joram mazoezini. Akacheka kicheko kibaya kilichomfanya Yahya aweke mkasi chini.

"Matanga haiulizwi kibali," akasema.

Ni kweli. Kwa Wajaluo, anayekuja akilia hupewa nafasi katikati ya boma, na mtoto wa marehemu hana ruhusa ya kumfukuza wala kumnyamazisha. Atalia anavyotaka, ataimba, atatukana, ataigiza vita na kifo, na wenyeji watatazama. Tena kuna jambo lingine ambalo Joram alilishika kama dawa: mtoto akiulizwa neno mbele ya maiti ya baba yake akadanganya, chira humpata, laana ile inayokausha mtu na nyumba yake.

"Omera, ndugu yangu, hiyo ni matanga ya mtu," Dorca alimwambia. "Mzee Okelo alikukosea nini?"

"Alizaa."

"Wewe sasa umeoza roho," Dorca akasema. Lakini alikwenda. Hata yeye alikuwa amechoshwa na kalamu ile nyekundu.

Walifika mchana, ng'ombe wakirudishwa kutoka porini walikopelekwa, kwa desturi, kufukuza kifo, vijana wakiwa wamejifunga matawi na vumbi likiwa limetanda hadi ziwani. Jeneza lilikuwa chini ya turubai. Mkuu wa tarafa alikuwa ameketi mbele na askari wake. Dorca alitoa ukelele uliowafungulia njia, na Yahya akamfuata akiwa amebeba ngazi. Walter, aliyekuwa amesimama kando ya jeneza katika koti jeusi, aliiona ngazi ile, na uso ukamshuka.

Waliiegemeza kwenye mti. Joram akapanda, Yahya akapanda nyuma yake akamfunga mikanda ya kamba. Kijana mmoja wa pale alishawishiwa kushika kijiti mfano wa bunduki. Watu walisogea karibu, hata wapishi waliacha sufuria. Kisha Dorca, ambaye sasa alikuwa mama wa rubani, akamwendea Yahya.

"Fundi, wewe ulikuwa karibu na mtoto wangu. Alipanda mwenyewe?"

Yahya hakujibu. Ndivyo alivyoagizwa. Dorca akauliza tena, akanyamaziwa tena. Ndipo akageuka, akatembea hadi kwenye jeneza, akaweka kiganja juu yake na kumtazama Walter usoni.

"Basi wewe uniambie, wuod Okelo, mtoto wa Okelo. Mbele ya baba yako. Alipanda mwenyewe?"

Joram, juu ya ngazi, aliinama aone vizuri. Alikuwa amemnasa. Akidanganya, chira. Akinyamaza, kila mtu atajua.

Walter alijifuta uso kwa leso. Akavua koti, akamkabidhi dada yake. Akaja hadi kwenye ngazi, akamgusa Yahya begani ili ampishe, akapanda mahali pake.

"Hakupanda mwenyewe!" alisema kwa sauti ya kufika mbali. "Bunduki ilikuwa hapa, kwa kisogo. Iliniguza mkono. Mtoto wako alikuwa anatetemeka, mama. Mimi nilisema uongo kortini kwa sababu niliogopa kamba ya kunyongwa. Yeye hana makosa. Mwenye makosa ni mimi!"

Na alilia. Machozi ya kweli yalimtiririka hadi kwenye kola. Joram alishika ngazi kwa mikono miwili asianguke, maana yote aliyoyataka yalikuwa yamesemwa, moja baada ya jingine.

Halafu watu wakapiga makofi.

Yalianzia nyuma, kwa vijana, yakasambaa boma zima. Wanawake wakapiga vigelegele. "Kumbe Walter pia anajua kuigiza!" mtu alipaza sauti. Mkuu wa tarafa alikuwa akijifuta macho. "Hawa wamefanya mazoezi pamoja," alimwambia askari wake. "Vizuri sana."

"Si mchezo!" Joram aliruka chini. "Nyinyi, sikieni! Si mchezo! Amekiri! Mmemsikia amekiri!"

Makofi yakaongezeka. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa.

Joram alimkamata Walter shati. "Waambie! Waambie ni kweli, mbwa wewe!"

Walter alimwinamia sikioni. "Nimesema, mbele ya Baba. Chira haitanipata," alinong'ona. "Hiyo ingine, ya watu kuamini, ni yako. Si wewe ndiye mwandishi?" Kisha akajitoa mikononi mwake, akashuka, akawainamia watu, akarudi kando ya jeneza na kuvaa koti lake.

Joram alibaki katikati ya boma, mikono ikining'inia. Yahya alikuwa tayari anaiteremsha ngazi. Dorca hakutaka kumtazama. Mama Apiyo, aliyekaa jirani na mama yake Joram maisha yote, alijikongoja hadi alipo, akamshika mkono kwa upendo.

"Mchezo tamu sana, mwanangu. Umeniliza," akasema. Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Sasa niambie ukweli. Siku ile ulitaka kutupia nani bomu?"