Kikohozi cha Watoto wa Dada Yangu

Maji yalikuwa yamefika kiunoni mwa dada yangu nilipofika ukingoni mwa bwawa, naye alikuwa bado anatembea.

Sikupiga kelele. Kelele ingemfanya akimbie, na mbele yake hapakuwa na pa kukimbilia ila ndani zaidi. Nilimwita kwa jina ambalo watu wa pale waliogopa kulitamka tangu msiba.

"Mama Kiptanui."

Akasimama. Hakugeuka.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, katika shamba la mzungu mmoja karibu na Rongai. Mume wangu Kipkemei aliendesha trekta. Mimi na dada yangu Chepkosgei tulikamua ng'ombe. Wakati wa mvua kifaduro, kikohozi kile cha watoto, kilipita katika nyumba za wafanyakazi. Kilimchukua Kiptanui, na udongo wa kaburi lake ukiwa bado mbichi, kikamchukua na dada yake mdogo. Baba yao akaenda kutafuta kazi Njoro. Alipata kazi, akapata na mke mwingine.

Chang'aa ilianza kama dawa. Mwanamke mmoja aliyeipika ng'ambo ya mto alimpa dada kikombe ili apate usingizi, na kweli alilala. Baadaye kikombe hakikutosha. Akawa anakunywa kabla ya kukamua, mikono ikimtetemeka hadi ng'ombe wanampiga mateke, mpaka nyapara akamfukuza. Kanisani, mzee Micah alimwambia mbele ya watu asirudi mpaka aache. Watu wakamwona mlevi. Waliomkumbuka mama wakapungua.

Asubuhi hiyo alikuja kwangu amenawa uso, kitambaa amekifunga vizuri kichwani. Alinuka pombe, lakini sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ndio ulionitisha. Aliweka blanketi lake na sufuria zake mlangoni.

"Hizi zitakufaa," akasema.

"Unaenda wapi?"

"Kupumzika."

Nilikuwa nikimfunga mtoto wangu mgongoni. Nilipomaliza kukaza fundo na kutoka nje, alikuwa ameshapita zizi, na njia ile haikuelekea kwa mtu yeyote. Wanaume walikuwa mbali, wakilima. Nikakimbia.

"Mama Kiptanui," nikarudia pale bwawani. "Unataka kufa?"

Kwetu jambo kama hilo halitajwi. Wazee husema ukilitaja umeliita. Lakini mabega yake yalishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Sitaki kufa," akasema. "Nataka kile kikohozi kikome. Zamani nikinywa kilikuwa kinanyamaza. Siku hizi nikinywa ndio nawasikia zaidi, Chepkemei. Wote wawili. Mpaka kunakucha."

"Njoo uniambie."

"Nimechoka kuambia watu."

"Mimi hujaniambia."

Alitikisa kichwa, akapiga hatua nyingine. Nami nikaingia. Sijui kuogelea, hata leo sijui. Matope yalinishika miguu, maji yakapanda upesi kuliko nilivyodhani, baridi ikanikata pumzi. Ndipo mtoto akalia mgongoni. Katika woga wangu nilikuwa nimesahau kwamba nimembeba.

Chepkosgei akageuka. Uso wenye hasira kama ule sijauona tena.

"Wewe! Toa mtoto kwa maji!"

"Nimekwama!"

Na kweli nilikuwa nimekwama. Akanijia akirusha maji huku na huku, akinitukana mimi na ukoo wetu wote, akanishika mkono na kunivuta mpaka tukaanguka kwenye nyasi. Alimfungua mtoto, akamvua nguo zilizolowa, akaweka sikio kwenye kifua chake. Alisikiliza. Akasikiliza tena.

"Hakohoi," akasema. Kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na sauti yake ikawatawanya bata waliokuwa majini.

Siku ile ile tulimhamishia kwetu. Kutwa nzima bila pombe, akaanza kutokwa jasho na kuzungumza na watu tusiowaona. Dresa wa shamba, aliyewatibu wafanyakazi, alituambia kuacha kwa ghafla kungeweza kumuua, kwa hiyo Kipkemei akaomba lori, wakampeleka hospitali Nakuru, akalazwa mpaka mwili ulipotulia. Aliporudi, mzee Micah alikuja na Biblia. Nilimzuia mlangoni.

"Baba, kama umekuja kumhubiria, siku nyingine. Kama umekuja kumsikiliza akisimulia habari za watoto, karibu."

Akavua kofia, akaingia. Waliyozungumza sikuyasikia, ila niliona alipotoka alikuwa amesahau kofia yake, akaenda jua likimpiga kichwani hivyo hivyo.

Dada hakupona kama watu wanavyopona homa. Mara mbili alivuka mto akanywa. Kila mara nilimuuliza swali lile lile, wazi, naye akanijibu. Kuna majibu yaliyonifanya nilale mlangoni.

Halafu ikaja alasiri moja ya kiangazi. Tulikuwa tukipukuchua mahindi kivulini, akiniambia jinsi Kiptanui alivyoogopa mbuzi. Katikati ya maneno akanyamaza. Nikainua macho kwa hofu. Alikuwa amelala, mdomo wazi, hindi bado mkononi, bila hata tone la pombe.

Kwa mbali nikasikia trekta ya Kipkemei ikija. Nikainuka, nikakimbia barabarani nikimpungia mikono yote miwili, ngurumo isije ikamwamsha dada. Akaizima pale pale, akashuka, akaja kwa miguu.