Vigae vya Lango la Zahanati

Watu wa mtaa wetu wakituona na magunia ya plastiki walikuwa wanaziba pua, kisha wanatuletea taka zao tuwabebee. Sikuwajibu. Mimi naitwa Pilipili, na mtu wa jina hilo akianza kujibu hamalizi leo.

Tulikuwa vijana watano kwenye kiwanja kilichosahaulika nyuma ya zahanati. Tuliokota mifuko na madumu mabovu, tukaviyeyusha kwenye pipa, tukachanganya na mchanga na kushindilia ndani ya kalibu ya chuma. Kilichotoka, kikipoa, ni kigae. Vigae hivyo ndivyo vilivyotulisha, mpaka mwenye gereji alipokitamani kiwanja chetu na mwenyekiti wa mtaa akatuita.

"Pale kwenye lango la zahanati matope yanameza watu," mwenyekiti akasema. "Tandikeni vigae vyenu. Jumamosi lori la kokoto litapita juu. Vikihimili, kiwanja chenu. Vikipasuka, mnampisha mwenye gereji."

"Lori tupu?" nikauliza.

"Limejaa, binti."

Nikakubali kwa hasira, kabla wenzangu hawajafungua midomo.

Alhamisi tulifyatua vigae vya kutosha lango zima. Nikaangusha kimoja kukijaribu, kikavunjika kama biskuti. Ndani kilikuwa matundu matundu. Nikaangusha cha pili, hali ni ile ile. Nilitaka kulia, lakini nikaona nimgombeze mtu kwanza.

"Nani kaleta mchanga huu?"

Maridadi akainua mkono. Huyu ndiye kijana pekee niliyewahi kumwona akienda jalalani na shati lililopigwa pasi.

"Mimi. Nimeuosha."

"Umeosha mchanga?"

"Kila siku tunaambiwa tunanuka. Pale watapita wagonjwa, Pilipili. Nikasema angalau vigae vyetu visinuke."

Nikaacha matusi niliyokuwa nimeyaandaa, nikachota mchanga kiganjani. Mchanga ulikuwa na maji bado, na maji yale yalipokutana na plastiki ya moto yakageuka mvuke, ukatoboa vigae vyetu. Lundo lote lilikuwa limelowa, mbingu zimefunga, na jua la kulikausha halikuwepo. Niliona kiwanja kinaondoka hivi hivi.

Shangazi yangu, anayekaanga karanga za kuuza, alinikuta nimekaa juu ya vipande. Akashika kiuno.

"Unalilia mchanga mbichi? Mwanangu, karanga zangu nazikaangia kwenye mchanga miaka yote. Mchanga nao unakaangika. Njoo uchukue karai."

Ijumaa nzima tulikaanga mchanga. Wapita njia walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akauliza mboga ni nini. "Karibu," Maridadi akamjibu huku akikoroga na jasho linamtoka, "ila njoo na meno yako." Vile vigae vibovu tukavirudisha pipani, maana plastiki haiweki kinyongo. Safari hii nilipoangusha kigae, kililia ko! kikabaki kizima. Nikamkumbatia Maridadi, shati nikalichafua lote, naye akacheka.

Jumamosi alfajiri tukavitandika, na asubuhi mtaa mzima ulijaa langoni. Lori likaja likiguna, likapanda vigae vyetu taratibu, likapita. Hakuna kilichopasuka.

"Dereva kakimbiza," akasema mwenye gereji. "Arudi, asimame juu yake."

Dereva akarudi kinyumenyume, akasimamisha lori katikati ya lango, akazima injini. Akashuka, akaomba maji, akayanywa kama mtu asiye na safari. Alipoliondoa, mwenyekiti akainama akapapasa kigae kimoja kimoja kwa kiganja, akitafuta ufa. Akainuka na vumbi mkononi.

"Kiwanja chao," akasema.

Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nililia mbele ya mtaa mzima, wala sikuona aibu. Mwenye gereji aliondoka bila kuaga.

Tulipogeuka tukakuta watu wamemzunguka Maridadi. Huyu anataka vigae vya mlangoni, yule vya uani, na kila mmoja anadai ametangulia, hadi Maridadi akawapanga mstari. Mwenyekiti akanivuta pembeni, akashusha sauti.

"Binti, na pale kwangu matope ni mengi. Mnaweza kuanza kesho?"

"Tunaweza, mzee," nikamwambia kwa heshima zote. "Foleni inaishia kwa yule mama mwenye kanga nyekundu."

Akaniangalia, akaiangalia foleni, kisha akaenda akasimama nyuma ya yule mama.