Yudithi Sebuleni kwa Madam Hessa

Beldina alipanda kingazi kupangusa picha mpya ya madam, akashuka mbio. Mungu wangu! Mwanamke kamshika mwanamume nywele, upanga umezama shingoni, damu inachuruzika kwenye shuka nyeupe. Na anayemkandamiza yule mtu kitandani asifurukute ni nani? Kijakazi!

Madam Hessa aliinunua Italia, picha ya kale ya rangi za mafuta, kubwa kama mlango, akaitundika kwenye sebule ya wanawake pale nyumbani Riyadh. Alipenda vitu vya kuwashtua wageni. Mashoga zake walipojaa sebuleni, akamwita Beldina mbele yao.

"Beldina, hadithi hii imo kwenye kitabu chenu, sivyo? Waambie."

Hapo angeitikia tu, yakaisha. Lakini Beldina alikuwa Msabato wa Nyamira, amekariri mafungu tangu utotoni, na kwa Biblia hakutaka mtu amcheze. Akaipitia kichwani, Mwanzo hadi Ufunuo.

"Mafi, hakuna, madam. Hii haiko kwa Biblia. Haki ya Mungu, haiko."

Mgeni mmoja akaweka kikombe cha kahawa chini. "Basi ni nini? Kadama anamuua bosi wake?"

Madam akamtazama huyo kadama, yule kijakazi wa pichani, kisha akamtazama Beldina. Jioni hiyo visu vyote vya jikoni vilifungiwa kabatini, na mtoto Nouf, aliyezoea kulala na Beldina, akahamishiwa kwa mama yake. Beldina alijua kinachofuata: kurudishwa ofisini kwa ajenti, kulala sakafuni, kungoja kafili, yaani mwajiri, yeyote atakayejitokeza. Kafili wake wa kwanza alikuwa akimfungia juani kwenye paa. Hapa alikula akashiba, na simu yake hakunyang'anywa. Kuondoka hakutaka hata kusikia.

Asubuhi akaipiga ile picha kwa simu, akamtumia Euphrasia, Mkatoliki wa Bukoba waliyelala naye godoro moja kwa ajenti. Sasa Euphrasia alikuwa akifanya kazi Al-Nuzha, Jeddah. Simu ikalia papo hapo.

"Wee dada! Huyo si Yudithi? Yumo kwenye Biblia!"

"Biblia gani? Mimi nisiijue Biblia?"

"Yetu sisi Wakatoliki. Nyie vitabu vyenu pungufu, mwaya. Huyo mwanamume ni jemadari Holoferne, aliuzingira mji wao. Akawakaribisha hemani mwake, Yudithi na kijakazi wake, akawawekea chakula. Kalewa chakari, Yudithi akamkata kichwa, watu wakaokoka. Shujaa huyo! Na yule kijakazi mwishowe akaachwa huru."

Beldina alikaa chini puu. Mafungu yote yale, na kumbe kuna kitabu kizima hajawahi hata kukisikia! Alishtuka, akaona haya, kisha akafurahi. Akamkimbilia madam.

"Madam, nilikosea. Iko, kwa Biblia ya Wakatoliki. Na huyo kadama ni mzuri, alimsaidia madam wake."

Uso wa madam ukalegea. "Na mwanamume?"

"Adui, madam."

"Hapo ni wapi? Kwake?"

"Kwa hema yake. Aliwakaribisha, akawawekea chakula."

Alipojisikia akisema hivyo, akajua ameharibu.

"Wamelala kwake, wamekaribishwa chakula chake," madam akasema polepole. "Na kadama alipata nini?"

Kusema uongo juu ya Maandiko Beldina hakuweza, hata kwa kujiokoa.

"Madam wake alimwacha huru."

Madam akaziba mdomo kwa kiganja, akarudi nyuma hatua.

"Halas. Kusanya vitu vyako. Dereva atakupeleka ofisini. Yalla!"

"Madam, si ni hadithi tu! Mimi nimefanya nini?"

Madam alikwisha kumwita dereva. Beldina akaangua kilio palepale sebuleni, bila kujali nani anasikia.

"Basi toa hiyo picha, madam! Toa picha, uniache mimi!"

Madam Hessa akaitazama picha, akamtazama tena Beldina, akashangaa kwelikweli.

"Picha imefanya nini?"