Baba Alivyomkaripia Mama Yake Bungeni

Baba yangu ana miaka hamsini na nane na mama yake ana miaka thelathini na moja. Kwetu huku kaskazini ya mbali hilo halimshangazi mtu, kwa hiyo usihangaike kuhesabu kwa vidole. Bibi Arnaqjuaq, mama yake mzazi, alifariki wakati wa baridi, na kabla barafu ya bahari haijavunjika, kijiji cha jirani kikapata mtoto wa kike, akapewa jina lake. Jina likishapata mwili mwingine, mwenyewe amerudi. Baba akapanda pikipiki yake ya theluji kwenda kumwona, akamkuta mama yake ananyonya. Akamvisha viatu vidogo vya ngozi ya sili, mnyama wa baharini tunayemwinda, akamwita mama, na hajaacha hadi leo. Mimi namwita bibi. Kucheza dansi hajui, na muziki anaousikiliza ni wa rika langu, lakini ni bibi yangu, na nikimjibu ovyo baba hunitazama mpaka naona haya.

Balaa lilikuja na uchaguzi. Kijiji chetu cha Qinnguaq kikamtuma baba Bungeni, kijiji cha jirani kikamtuma bibi. Bunge letu la kaskazini halina vyama. Wabunge hukaa wenyewe wakachagua mawaziri miongoni mwao. Bibi ana elimu na anajua kuongea, wakampa uwaziri wa huduma za vijiji: majengo, mitambo, maji.

Na shida yetu ilikuwa maji. Huku ardhi imeganda, bomba huwezi kuchimbia, maji huletwa na lori na kumiminwa katika tangi la kila nyumba. Lori moja lilikufa kabla ya Krismasi, na lile lililobaki lilikuwa linakohoa kama mzee wa sigara. Shule ilifungwa kwa sababu ya vyoo. Dada yangu Miali, ambaye mimi na baba tunaishi naye, alikuwa na mapacha wachanga, na maji aliyowaogeshea ndiyo aliyofulia nepi, kisha akadekia sakafu. Lori jipya haliji kwa ndege. Linakuja kwa meli ya kiangazi, na mwenye kuchelewa kuagiza anasubiri kiangazi kingine. Kwa hiyo baba alikuwa na kazi moja tu: kumfanya Waziri atamke mbele ya vipaza sauti kwamba lori la Qinnguaq litapanda meli ya mwaka huu.

Siku ya maswali tuliwasha redio jikoni. Tamusi, mtangazaji wa redio yetu ya kijiji, hurusha Bunge kutoka mji mkuu na kisha hufungua simu watu waseme yao.

"Mheshimiwa Spika," baba akasema, "namshukuru Waziri kwa kazi nzito anayofanya. Namwuliza, kama haitamsumbua, habari za lori la maji la Qinnguaq."

"Mheshimiwa Spika, suala hilo linafikiriwa," bibi akajibu.

Spika akamwambia baba ana swali la nyongeza.

"Nashukuru. Nimemsikia Waziri anakohoa. Amepata dawa?"

Wabunge wakacheka. Bibi akasema anaendelea vizuri. Spika akamkumbusha baba kwamba bado anaruhusiwa kuuliza.

"Inatosha. Asante, mama," baba akasema, akaketi.

Miali alikuwa ameshika kijiko hewani. "Inatosha nini?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyemzaa baba.

Tamusi akafungua simu. Wa kwanza alikuwa mzee Ulaayu, mama wa miaka themanini mwenye ulimi wa kisu cha kuchunia ngozi. "Nauliza tu," akasema, "Mheshimiwa ameshalazwa, au mama bado anamwimbia?" Akafuata mwanamume mmoja: "Akishuka kwenye ndege mumpelekee nepi. Ila zetu hazijafuliwa." Kijijini mimi ndiye ninayejulikana kwa utani, na nakiri zile zilikuwa nzuri. Nilicheka huku masikio yananiwaka.

Jioni baba akapiga simu.

"Walisemaje redioni?"

"Kulikuwa na mikwaruzo, baba. Hawakusikia vizuri."

"Nilikuwa nasikiliza mtandaoni," akasema.

Kisha akaniambia kwamba bibi alimwita kwake, akampikia mchuzi wa sili, na alipomaliza bakuli akamkemea. "Mwanangu, unanipigia magoti mbele ya watu. Nikienda kwa mawaziri wenzangu kuombea kijiji chako fungu, wanasema hata mbunge wake halalamiki. Kesho unibane. Unibane mpaka nikose pa kutokea." Baba akamwambia hawezi. Akajibiwa: "Nimekuambia mimi."

"Sasa niambie wewe uliyesoma," baba akasema. "Nikikataa, nimemvunjia mama heshima. Nikikubali, nimemvunjia mama heshima."

"Chagua yenye lori," nikasema.

Hakucheka. "Kanuni zinasema unamtazama Spika, humtazami Waziri, si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi nitamtazama Spika."

Kesho yake kijiji kizima kilikuwa redioni, hata wawindaji walichelewa kutoka. Baba alianza na sauti nisiyoijua, nyembamba, ya mtu anayetembea juu ya barafu changa.

"Mheshimiwa Spika, Waziri akifungua bomba asubuhi hutoka maji. Qinnguaq hutoka upepo. Anajua hilo?"

"Mheshimiwa Spika, ninajua."

"Anajua, na amekaa. Wajukuu wangu wanaoshwa kwa maji ya nepi, na yeye anajua, na amekaa." Jikoni tukashangilia. Miali akapiga meza, pacha mmoja akaamka. Nadhani baba naye alisikia mahali fulani moyoni mwake kelele za kushangiliwa, maana sauti ilinenepa. "Watu wetu hugawana sili mpaka mfupa wa mwisho. Mwenye nacho hawezi kulala jirani ana njaa. Waziri huyu tabia hii ya kukaa na kutazama ameitoa wapi? Nyumbani kwao alifunzwa nini? Nani alimlea?"

Hapo Miali akaacha kupiga meza. Kwa jina lake, waliomlea Arnaqjuaq ni babu na bibi wa baba mwenyewe. Na Arnaqjuaq ndiye aliyemlea baba. Baba alikuwa ametumwa kugonga mlango, naye akaingia ndani na kuvunja vyombo vyote.

"Waziri," Spika akasema baada ya muda.

"Mheshimiwa Spika, lori litapanda meli ya mwaka huu." Sauti ya bibi ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyechapwa mbele ya wageni.

"Mheshimiwa, bado umesimama. Una swali jingine?" Spika akamwuliza baba.

"Sina," baba akasema.

Tamusi akafungua simu. Haikulia. Akapiga wimbo wa kodiani, akapiga na wa pili. Hatimaye Ulaayu akapatikana. "Tulitaka maji," akasema. "Yale hatukuomba kuyasikia." Akakata. Nilitaka kumpigia nimwulize nani jana alikuwa anadai nyimbo za kulalia, lakini hata mdomo wangu ulikuwa mzito siku hiyo.

Bunge lilipoahirishwa baba akarudi. Kwenye uwanja wa ndege watu walikuja, wakampa mkono taratibu, wakitazama viatu vyake. Hakuna aliyetaja nepi. Kwetu ukiona umeacha kutaniwa, ujue umekosa. Miezi yote ya kuingoja meli hakumpigia mama yake, na yeye akipiga, baba alikuwa ghafla na kazi nje, ya kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Meli ikaja, lori likashushwa ufukweni, watoto wakalikimbilia mpaka dereva akalazimika kuzima. Tangi letu lilijazwa pomoni. Miali aliwatia mapacha kwenye beseni wakapigapiga maji hadi kwenye kuta. Baba maji ya lori hakuyagusa; aliendelea kujifuta uso kwa barafu aliyoiyeyusha kwenye birika.

Siku chache baadaye simu ikalia nikaichukua mimi.

"Mwanangu yuko wapi?" bibi akauliza.

"Anasema hayupo."

"Mwambie mama yake anamwita."

Baba akaja akijifuta mikono mikavu. Simu yetu ina sauti kubwa, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio.

"Lori limefika?"

"Limefika."

"Maji yamo ndani ya tangi?"

"Yamo."

"Umeoga?"

Baba akatazama ukuta. "Bado."

"Tangu lije?"

"Tangu lije. Mama, lile neno nililolisema—"

"Nililisikia," bibi akasema. "Nenda ukaoge."

Baba akanirudishia simu bila kunitazama, akaingia bafuni, akafunga mlango. Maji yakaanza kumwagika. Nikadhani bibi ameshakata, nikaiweka simu sikioni kuhakikisha, nikasikia anapumua. Nilikuwa na utani mmoja tayari kuhusu waheshimiwa na sabuni. Haukutoka.

"Bibi?"

"Nipo. Bado anaoga?"

"Bado."

"Usikate," akasema. Nikasogea karibu na mlango wa bafu ili naye asikie.